Usitume Pesa za Sindano ya Macho

Mwanangu,

Huyo anayekuahidi sindano ya "molekuli za mwanga" ukishalipa kwa M-Pesa usimtumie hata shilingi. Utafiti upo, na nataka uuelewe vizuri, maana macho ni yako.

Retinaitisi pigmentosa, huo ugonjwa wako wa macho, huua seli zinazopokea mwanga kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho. Huanza na zile za kuonea gizani, ndiyo maana saa moja jioni pale steji huoni mtaro mpaka uukanyage. Lakini seli za tabaka la ndani la retina, zinazopeleka ujumbe ubongoni, nyingi hubaki hai kwa miaka. Hizo ndizo watafiti wanazitaka ziitikie mwanga zenyewe.

Njia moja ni kemikali. Iko molekuli iitwayo azobenzini: gizani hunyooka, ikipigwa mwanga hujipinda. Ikikaa kwenye tundu la ioni la seli, yaani kijitundu kinachopitisha chembe zenye chaji ya umeme, ikinyooka huliziba, ikijipinda huliachia, na umeme wa seli hubadilika. Mwaka 2012 watafiti wa Berkeley, Marekani, waliwadunga panya vipofu kemikali iitwayo AAQ, wakaanza kuitikia mwanga. Shida ni kwamba ilitaka mwanga mkali wa karibu na urujuanimno, ambao unaweza kudhuru jicho, na nguvu yake iliisha upesi. Mwaka 2014 ikaja DENAQ, inayoitikia mwanga wa kawaida kwa siku kadhaa. BENAQ iliyofuata ilikaribia mwezi. Kinachoisha lazima kidungwe tena, na kila sindano ya ndani ya jicho inaweza kuingiza maambukizi. Hata hivyo mimi naipenda njia hii kwa sababu hiyo hiyo: ikileta madhara, nguvu yake itaisha.

Njia ya pili haiishi hivyo. Virusi walioondolewa makali hupeleka jeni ya protini ya mwani ndani ya seli. Mwaka 2021 iliripotiwa habari ya mwanamume wa miaka 58 huko Ufaransa aliyedungwa jicho moja. Baada ya mazoezi ya miezi, aliweza kuhesabu na kugusa vitu mezani, lakini akiwa amevaa miwani yenye kamera inayorusha mwanga mkali wa rangi ya chungwa (nanomita 595), kwa kuwa protini hiyo hudai mwanga mkali. Sura za watu hakuzitambua.

Kliniki mwombe daktari akuonyeshe picha ya OCT, ile inayoonyesha matabaka ya retina, na akueleze hali ya tabaka la ndani. Uliza kama kuna maji katikati ya retina, au mtoto wa jicho. Vyote huja na ugonjwa huu na vina tiba leo. Ulizia pia kipimo cha jeni. Ikiwa hitilafu ni ya jeni iitwayo RPE65, kuna tiba iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, nayo hufaa seli zikiwa bado hai, kwa hiyo usichelewe.

Anayekuita kwenye majaribio akupe namba ya usajili, kibali cha kamati ya maadili na cha Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya. Akitaja bei ya dawa, kata simu. Na ukija kliniki, beba picha za zamani za retina, daktari alinganishe.

Mamako