Risala ya wafugaji wa nguruwe wa Busia kwa mgeni wa heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji chetu), mashehe na wachungaji, wazee, akina mama, na nyinyi vijana wa bodaboda mliovutwa na harufu tu (tunawaona), hamjambo nyote.

Tumepewa dakika tano. Nguruwe ndio benki yetu, karo inatoka hapo, na hatuko peke yetu, sensa ya mifugo ya 2008 ilihesabu nguruwe zaidi ya milioni 3 Uganda nzima. Shida yetu ni tegu, mnyoo wa nguruwe.

Mnunuzi akija analaza nguruwe chini, anaingiza fimbo mdomoni, anavuta ulimi anapapasa, akipata zile punje kama mchele, ndio watoto wa tegu, bei inaanguka ama anaondoka zake. Na tuseme ukweli, huyo nguruwe hafukiwi, anachinjwa usiku anauzwa hapa hapa kijijini. Aliyefanya hivyo si mchawi, ni mtu ana mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo, na akimfukia huyo nguruwe kwa ajili ya kijiji, kijiji hakimrudishii hata mia.

Sasa hasara ya pili, kifafa. Ukila nyama ya huyo nguruwe haijaiva unapata mnyoo tumboni, hiyo afadhali, inatibika. Kifafa kinaletwa na mayai ya huyo mnyoo, yanatoka kwa kinyesi cha mtu yanaingia kwa maji, mboga, mikono, ukiyameza yanaenda kujenga malengelenge kwa ubongo. Yaani shehe wetu ambaye hajawahi kuonja nguruwe anaweza kuanguka kifafa kwa sababu jirani hana choo! WHO, shirika la afya la dunia, wanasema mahali tegu imezoea, kama asilimia 30 ya kifafa inatoka huko. Tulijaribu kupiga hesabu kwa daftari: pesa ya mganga tukaandika, siku mama haendi shamba anachunga mtoto asiangukie moto tukaandika, ya binti ambaye watu wanaogopa kumwoa tukaacha wazi.

Na kuzuia nako si bure. Kufungia nguruwe asizurure akala kinyesi cha watu maana yake ununue pumba, na pumba wakati wa kiangazi inakula faida yote. Kuna dawa inaitwa oksifendazoli, dozi moja inaua tegu kwa nyama, chanjo pia imeshatengenezwa, lakini ukishampa dawa unangoja wiki kadhaa ndio uchinje, na mnunuzi hakuongezei hata shilingi eti wako alichanjwa. Anayelipa ni mfugaji, anayepona ni kijiji kizima, hapo ndio hatukubaliani na wale wanasema mfugaji abebe mwenyewe.

Ombi letu: wilaya ilipe dawa na chanjo, sisi tujenge mabanda na vyoo. Na nguruwe akikataliwa na afisa mifugo, mwenyewe apate hata nusu ya bei, bila hiyo atachinja tu usiku.

Nyama imechemshwa kwanza ndio ikachomwa, mihogo iko, na mashehe kuku wao amechinjwa na mmoja wao. Karibuni.