Salamu za Krismasi kwa ukoo, na kwa wanaosubiri

Tumsifu Yesu Kristo!

Ndugu zangu wa ukoo, mlioko nyumbani mlimani na mlioko mbali, kama ilivyo desturi, mimi katibu wenu nawasalimu kwa jina la Mtoto aliyezaliwa Bethlehemu. Mwaka ulikuwa mgumu. Nauli zimepanda, sukari imepanda, na mbuzi wa ndafu, yule wa kuchomwa mzima, siku hizi ni wa kuchangishana. Wengine mmetuma ujumbe kwamba safari hii hampandi kuja nyumbani. Hakuna atakayewasema.

Leo ni tarehe 23, na kuna mtu ambaye siku hii hunikumbusha. Kapteni Lawrence Dickson alikuwa rubani wa ndege ya kivita, kijana wa miaka 24, mmoja wa Wamarekani weusi waliofundishwa urubani Tuskegee, Alabama, jeshi likiwa bado limewatenga na weupe. Tarehe 23 Desemba 1944 aliruka kutoka Italia na ndege yake aina ya Mustang, yeye na wenzake wakiisindikiza ndege ya kupiga picha hadi Prague. Wakati wa kurudi injini ikasumbua. Wenzake walimwona akishuka kuelekea milimani, wakazunguka kutafuta parachuti au moshi. Theluji tupu. Kesho yake ikawa mkesha wa Krismasi.

Nyumbani aliacha mke na binti mdogo. Mabaki yake yalikuja kupatikana Austria, pamoja na pete yenye herufi za majina yao wawili, na yakatambuliwa mwaka 2018. Miaka 73 na ushee! Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Hapo ndipo ninaposhindwa kuendelea kusoma, kila mara.

Maana kwetu pia yupo. Kaka yangu alikwenda kutafuta maisha, simu yake ikaacha kupatikana, na huu ni mwaka wa tisa. Kila Novemba, tunapoandika majina ya marehemu ya kupeleka altareni, mama huikagua karatasi nzima kuhakikisha la kaka halimo. Yeye humwandika kwenye nia za wasafiri. Mwaka huu macho yamemchoka, akaniomba nimsomee. Nilisoma polepole, jina baada ya jina, hadi la mwisho. Akasema, "Asante, mwanangu."

Basi nawasihi, mtu asimwambie mzazi wa aliyepotea kwamba akubali yaishe. Simeoni alimsubiri Masihi, na nabii Ana alizeeka hekaluni, na hatusomi popote kwamba waliambiwa wakate tamaa. Mkaeni naye, mpeni kiti, mtajeni mtoto wake kwa jina. Na ninyi mlionyamaza huko mijini na ughaibuni kwa sababu mambo hayajakaa sawa, pigeni simu leo. Rudini hata mikono mitupu. Mbege, pombe yetu ya ndizi, haimwulizi mtu kama amekuja na gari au kwa miguu. Aibu ya kurudi bila kitu huisha siku moja, lakini mama anayetazama njia anatazama kila jioni.

Misa ya mkesha ni saa tatu usiku, na tarehe 26 tunakutana kwa mama. Nawatakia Krismasi njema na Mwaka Mpya wenye heri na fanaka. Mama anawasalimu wote. Amesema fungu la nyama la kaka litatengwa kama kawaida.