Si kila chombo ni boti

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Kila nikisoma habari za bahari siku hizi, iwe ajali, iwe uvuvi, nakuta chombo kimeitwa boti. Jahazi linalotoka Mafia ni boti. Ngalawa ya mvuvi wa Kunduchi ni boti. Mimi nimelelewa katika nyumba ya nahodha, na jambo hili linaniuma.

Ngalawa ni gogo moja, mara nyingi la mwembe, lililochongwa na kuwekewa mbao mbili za kuelea ubavuni, kulia na kushoto, lisipinduke. Mashua imeungwa kwa mbao, ina mkuku, yaani uti wa chini, na mataruma, yaani mbavu, na tezi yake, yaani nyuma, ni bapa. Jahazi ni hivyo hivyo ila kubwa, la shehena. Dau limechongoka omo, yaani mbele, na tezi pia. Msomaji anayezijua tofauti hizi akiambiwa ngalawa imezama na abiria kumi na watano, ataelewa papo hapo kosa lilipoanzia: gogo moja lilibebeshwa watu wengi mno. Akiambiwa boti imezama, ataelewa nini?

Marehemu baba alikuwa akipakia boriti za mikoko Rufiji na kuzileta hapa Dar es Salaam. Jahazi likipandishwa ufukweni kwa maji ya bamvua, yaani maji makuu, sisi watoto kazi yetu ilikuwa kusokota pamba na kuichovya kwenye mafuta ya nazi. Fundi aliishindilia kati ya mbao kwa patasi na nyundo, huku ametega sikio. Mlio ukiwa mzito, anasogea mbele. Ukiwa mwepesi, anarudia pale pale. Hiyo ndiyo kalafati. Kisha chini kunapakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, na tulipaka kwa viganja vyetu. Harufu yake ilitukaa siku tatu hata tukioga vipi. Fundi yule amefariki, na sijaona popote alipoandikwa.

Na mtepe je? Chombo hicho cha kale hakikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lilikuwa mkeka. Mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki, katika karne ya 1, alivitaja vyombo vya kushonwa vya pwani yetu, na mji aliouita Rhapta ulipata jina lake kutokana na kushona huko. Ufundi wa umri huo umetutoka mikononi katika karne ya 20, wakati babu zetu wengine wakiwa hai. Leo mitepe tunaiona kwa mifano ya makumbusho tu.

Hata neno rubani tumelipeleka angani tukasahau lilikotoka. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi akiitafuta India, alichohitaji kwa mfalme wa mji kilikuwa rubani, mtu wa kumvusha bahari. Akapewa. Waling'oa nanga Aprili, kusi, upepo utokao kusini, inapoanza, na Mei wakafika pwani ya Calicut. Shuleni tulikaririshwa jina la mgeni. Kwamba alivushwa na mjuzi wa bahari hii, mwalimu alipita haraka.

Ombi langu ni dogo. Mwandishi anayetumwa Feri au Kunduchi aulize kwanza: chombo hiki kinaitwaje? Wazee wapo, watamjibu kwa furaha. Tena gazeti litenge kila wiki nafasi ya neno moja tu, foromali, demani, joshi, ngama, pamoja na picha na maelezo ya mtu aliyelitumia kazini. Nipo tayari kuleta picha ya jahazi la baba, na kumpeleka mwandishi wenu kwa mafundi ninaowafahamu. Ila aje alfajiri, siku ambayo maji yamekupwa mapema, maana jua likishakuwa kali wanaweka nyundo chini.

Mtoto wa nahodha,
Kigamboni, Dar es Salaam