Risala ya Wanaklabu wa Kemia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanaklabu, karibu sana. Risala yetu inahusu kutenganisha dutu kwa umeme na kuzitambua kwa mwanga. Huo mrija ulio mezani kwako ni kapilari ya silika, yaani mrija mwembamba sana wa kioo. Tundu lake lina kipenyo cha mikrometa 50, jembamba kuliko unywele.

Mheshimiwa, mrija huo hujazwa bafa, yaani myeyusho ambao kiwango chake cha asidi hakibadiliki kwa urahisi, kisha ncha zake hupewa umeme unaoweza kufika volti 30,000. Mchanganyiko ukiingizwa, ioni (chembe zenye chaji ya umeme) ndogo zenye chaji nyingi huachana na kubwa zenye chaji chache, na kila dutu hufika kwenye kitambuzi kwa zamu yake. Hiyo ndiyo elektroforesisi ya kapilari. Tatizo ni kwamba kitambuzi kilichozoeleka, cha miale ya urujuanimno, huonyesha kuwa kitu kimepita na kimepita dakika ya ngapi, bila kukitaja ni kitu gani. Dutu mbili zikifuatana kwa karibu, mpimaji hubaki akikisia.

Mwaka 1928 C. V. Raman wa India aligundua kwamba mwanga ukigonga molekuli, sehemu yake ndogo hutoka na rangi nyingine, kulingana na mitikisiko ya molekuli hiyo. Kila dutu ina alama zake katika mwanga huo, lakini dutu nyingi zikimulikwa pamoja alama hupandana. Ndiyo sababu tunataka mbinu hizi zioanishwe: umeme utenganishe, mwanga wa leza utambue. Hata maji ya bafa hayaleti usumbufu mkubwa, kwani alama zake za Raman ni hafifu.

Ugumu upo. Fotoni (chembe ya mwanga) inayobadilika rangi ni takriban moja katika milioni 10, na sampuli yenyewe ni nanolita chache. Msaada hutoka kwenye madini ya fedha: molekuli ikigusa uso wake uliokwaruzwa, alama hukua mara nyingi mno, kama ilivyoonekana kwanza Southampton, Uingereza, mwaka 1974. Lakini dutu iking'ang'ania hapo, huvuruga kipimo cha inayofuata.

Sisi tumeishia kwenye maandalizi. Tunachoma ganda la kahawia la mrija kwa mwali mdogo ili tupate dirisha la milimita chache la kupitishia mwanga. Ganda likishatoka, mrija huvunjika kwa kuguswa tu. Tumevunja mitatu; wa nne ndio huo.

Mheshimiwa, tunaomba utuombee nafasi ya kutumia spektromita ya Raman, kifaa cha kusomea alama hizo, katika maabara yoyote iliyo nayo, pamoja na miwani ya kukinga macho dhidi ya leza. Mrija tutakuja nao.

Tunaomba kuwasilisha.