Matofali ya kuchezea: tupeni hesabu, picha pekee haijengi nyumba

Kwa Mhariri,

Anayeeleza upishi wa biriani hachapishi picha ya sinia akaacha kutaja kiasi cha mchele. Kwa matofali ya kuchezea, yale ya plastiki yenye vinundu juu, ndivyo tunavyoandikiwa kwa Kiswahili: picha ya nyumba iliyokwisha, maneno mawili ya sifa, basi. Mtoto wa Langoni au Mkomani, mitaa ya mji wa Lamu, mwenye ndoo ya matofali mchanganyiko hapati pa kuanzia. Tunaomba gazeti lako, na kila anayeandika juu ya kazi hii, atoe idadi, vipimo na mpangilio wa kila safu, tena aseme wazi ni wapi kazi huharibika.

Hesabu si madoido. Matofali 6 ya kinundu 2 kwa 4, yote ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Ukimwambia mtoto "chukua matofali 6 uyaunganishe", hujamwambia kitu.

Majina nayo yanatukwaza, maana kila mwandishi ana yake. Sisi tunatumia haya: kinundu ni kile kiduara kilichoinuka juu; tofali ni kipande cha kimo kamili; kibao ni kile chembamba chenye vinundu; kigae ni chembamba kilicho laini juu; bamba ni sakafu ya kujengea. Ukubwa tunautaja kwa vinundu, upana kwanza, urefu baadaye: 2 kwa 4, 1 kwa 10. Mwenye majina bora ayalete, mradi tukubaliane yatumike yale yale kila mahali.

Vipimo havina mjadala. Kutoka katikati ya kinundu hadi katikati ya jirani yake ni milimita 8. Kimo cha tofali, bila kinundu, ni milimita 9.6. Kimo cha kibao ni milimita 3.2, kwa hiyo vibao 3 vikipandana hulingana na tofali 1, na vibao 5 vikipandana ni milimita 16, sawa na upana wa vinundu 2. Hesabu hii ya mwisho ndiyo inayokuwezesha kulaza tofali ubavu na bado likaingia pahala pake. Tofali la LEGO, kampuni ya Denmark inayotengeneza matofali haya, lilisajiliwa kwa hataza Denmark tarehe 28 Januari 1958, na tofali la mwaka huo bado linashikana na la leo.

Sasa tutoe mfano, tusije tukawa tunadai tusichokitoa. Masanduku mengi huja na ngome za Ulaya na magari ya zimamoto. Nyumba ya mawe ya Lamu, ambayo mji wake umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, haimo. Lakini inajengeka kwa vipande vya kawaida, na inafaa kuliko ngome kwa sababu umbo lake lina kanuni. Chumba cha nyumba hizi ni chembamba na kirefu, upana karibu mita 2.5 hadi 3, kwa kuwa boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo kwa usalama. Urefu hauna kizuizi hicho.

Kijitu cha kuchezea kinachokuja na matofali haya, kilichoanza kutolewa 1978, kina kimo cha sentimita 4 hivi. Ukimchukulia mtu wa kawaida, uwiano unakuwa karibu 1 kwa 42. Chumba chenye upana wa vinundu 8 kwa ndani ni milimita 64, yaani mita 2.7 za kweli. Kanuni ya boriti imetimia. Urefu wa ndani tuuweke vinundu 20, na kimo cha ukuta safu 9, ambazo ni karibu mita 3.6.

Unene wa ukuta ndio unaowashinda wengi. Hujenga ukuta wa kinundu 1 kwa kubana matumizi, kisha zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, hazina pa kukaa. Ukuta wa mawe ni mnene, na kidaka huchimbwa ndani ya unene huo. Weka vinundu 2: kimoja ni kina cha kidaka, cha pili ni mgongo wake. Nje chumba kinakuwa vinundu 24 kwa 12, na kinakaa vizuri juu ya bamba la 32 kwa 32, lenye sentimita 25.6 kila upande.

Kila safu nzima hula matofali 16 ya 2 kwa 4. Safu witiri, yaani ya 1, 3, 5, 7 na 9: kuta ndefu zipite hadi pembeni, matofali 6 kila moja, na kuta fupi ziingie katikati yao, matofali 2 kila moja. Safu shufwa: kuta fupi zipite hadi pembeni, matofali 3 kila moja, na kuta ndefu ziingie katikati, matofali 5 kila moja. Ukifuata hivyo, kila ungio linafunikwa na tofali la juu yake, na pembe zote nne zinafumana zenyewe. Anayerudia safu moja mara 9 hupata kuta zenye nyufa zilizonyooka toka chini hadi juu. Kuta hizo hufunguka kama kurasa mara bamba linapoinuliwa.

Mlango uwe katika ukuta mrefu wa mbele, upana vinundu 4, kimo safu 6. Hesabu vinundu 8 kutoka kushoto kwa nje, kisha acha uwazi. Katika safu witiri unaacha tofali 1 tu. Katika safu shufwa uwazi unakata matofali 2 katikati, kwa hiyo kila upande wa mlango huingia tofali la 2 kwa 2. Hapa tafadhali wasomaji wasimame kidogo. Safu ya 7 ni witiri, na tofali lake linaangukia juu ya uwazi barabara, kinundu kwa kinundu, bila kitu chini yake. Litaning'inia kwa kushikwa na safu ya 8 peke yake, na ukibonyeza ukuta kutoka juu litachomoka. Ni lazima iwekwe linta, yaani kipande kirefu cha kuvuka juu ya mlango, kama fundi wa nyumba afanyavyo: ondoa matofali 3 ya hapo, weka matofali 2 ya 1 kwa 12 yakilala sambamba, yavuke uwazi na kukaa vinundu 4 kila upande. Ukikosa hayo, panda vibao 3 vya 2 kwa 12.

Zidaka zikae katika ukuta mrefu wa nyuma, upande wa ndani, kuanzia safu ya 4 hadi ya 8. Kipande hiki hujengwa peke yake mezani, kisha kinaingizwa. Chini weka kibao cha rafu, kina vinundu 2 na urefu vinundu 20, kwa vibao 2 vya 2 kwa 10. Juu yake kwa nyuma pandisha mgongo wa kinundu 1 kwa safu 2: ya kwanza matofali 5 ya 1 kwa 4, ya pili anza na 1 kwa 2, kisha 4 ya 1 kwa 4, malizia na 1 kwa 2, ili maungio yasikutane. Kwa mbele, kila safu, weka tofali la 1 kwa 3 katika kila ncha na nguzo 4 za 1 kwa 1, ukiacha vinundu 2 kati yake. Hapo vimetoka zidaka 5, na mbavu za kulia na kushoto zimelingana. Funika kwa rafu nyingine, rudia yote, funika kwa rafu ya tatu.

Uzuri wa mpango huu uko kwenye kimo. Rafu 3 ni vibao 3, yaani tofali 1. Ukiongeza safu 4 za zidaka unapata safu 5 kamili, milimita 48, na ukuta unarudi sawa na majirani zake. Wanaoweka rafu 2 tu, kwa kuona ya juu haina kazi, hubaki na ukuta ulio chini kwa milimita 3.2, na safu ya 9 haikubali kulala. Nguzo za 1 kwa 1 huzunguka zenyewe, kwa hiyo kabla ya kubonyeza rafu ya juu zilinganishe kwa ukingo wa rula. Katika safu ya 5 na ya 7, pembe mbili za nyuma zijazwe kwa matofali ya 2 kwa 2. Safu ya 3 na ya 9 ndizo zinazokibana kipande kizima, chini na juu, kwa sababu matofali yake ya pembeni yanavuka mpaka wake.

Jumla, ukiondoa bamba na dari: matofali 105 ya 2 kwa 4; 10 ya 2 kwa 2; 2 ya 1 kwa 12; 18 ya 1 kwa 4; 8 ya 1 kwa 3; 4 ya 1 kwa 2; 16 ya 1 kwa 1; na vibao 6 vya 2 kwa 10.

Boriti ni vibao 10 vya 1 kwa 10, vya rangi ya mti, vikilazwa kutoka ukuta mrefu hadi ukuta mrefu, huku kinundu kimoja kikiachwa wazi kati ya boriti na boriti. Kila boriti hushika ukuta kwa vinundu 2 tu, lakini dari lililo juu hulishika boriti kwa vinundu 10. Kwa hiyo ukiinua dari, boriti huja nalo, na ndani ya chumba hufunguka bila kubomoa kitu. Tahadhari moja: vipande vya kahawia ya wekundu vilivyotoka kiwandani zaidi ya miaka 10 iliyopita vina sifa mbaya ya kupasuka wakati wa kuvitenganisha. Vitumie pale ambapo hutavigusa tena.

Jahazi ni habari nyingine, kwa sababu ubavu wake hupinda pande mbili kwa pamoja. Linahitaji barua yake.

Kuna mambo ya pwani yasiyoandikwa kwenye karatasi za maelekezo zinazotoka nje. La kwanza ni mchanga. Mchanga wa Shela ukiingia kwenye matundu ya chini ya tofali hukwaruza vinundu, na tofali halishiki tena kama mwanzo. Suuza kwa maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni kidogo, kung'uta, kausha kivulini penye upepo. Usianike juani. Matofali meupe, ambayo ndiyo tunayoyataka kwa kuta za chokaa, hugeuka manjano yakipigwa na jua siku nyingi. Nyumba isiwekwe dirishani. Pili, meno si chombo cha kutenganishia vibao: huacha alama isiyofutika, na jino la mtoto liko hatarini. Kipo chombo cha plastiki cha kubandulia. Kisipokuwepo, panda tofali refu juu ya kibao ulitumie kama wenzo.

Tatu, matofali ya viwanda mbalimbali huuzwa yamechanganywa. Mengine ni mazuri. Ya kupima ni rahisi: panda matofali 10 ya aina moja, pima kwa rula bila kinundu cha juu. Yawe sentimita 9.6. Yakizidi au kupungua hata kwa milimita 1, yasichanganywe na mengine katika ukuta mmoja, kwa sababu kufikia safu ya 7 pembe moja itakuwa imeinuka na linta haitaingia.

Kwako Mhariri, ugumu wa uchapishaji tunauelewa. Picha ya rangi ikichapishwa nyeusi na nyeupe, kijivu na rangi ya mchanga hazitofautiani, na msomaji hawezi kuhesabu vinundu. Ndiyo maana tunapendekeza ramani badala ya picha: karatasi ya daftari la hesabu lenye miraba, kila mraba kinundu kimoja, kila tofali limezungushiwa mstari, na herufi ndani yake kwa rangi, kama W kwa nyeupe na K kwa kahawia. Kwa chumba hiki zinatosha ramani 2 za kuta, safu witiri na safu shufwa, mchoro 1 wa zidaka ukitazamwa kutoka mbele, na orodha ya idadi. Ni robo ukurasa. Michoro tunayo, na iko tayari kuletwa bila malipo.

Ikikupendeza, toleo linalofuata lichukue daka la mlangoni, yaani ukumbi wa kuingilia, na baraza zake mbili. Kimo cha baraza tumeshakipata: vibao 2 na kigae 1 juu, milimita 9.6, karibu sentimita 40 za kweli. Wengi huweka tofali zima kisha kigae, na baraza hupanda hadi milimita 12.8, karibu sentimita 54 za kweli, kupita kiasi kwa kukalia.

Wajenzi wa mifano kwa matofali ya kuchezea,
Langoni, Lamu