Puli ya krankishafti yenye mpira msiing'oe

Mhariri,

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma, Kariobangi Light Industries. Siku hizi naletewa magari ya kale ya mwendo kasi, hasa Datsun 240Z, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa gari hilo liliposhinda Safari Rally mwaka wa 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Ombi lao ni lilelile: ng'oa puli zote za chuma mbele ya injini, yale magurudumu ya mkanda, tuchongee za aluminiamu. Ya altaneta, ile inayochaji betri, nachonga, ya pampu ya maji pia. Ya krankishafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, nakataa. Naandika kwa sababu nikikataa, mteja huvuka barabara tu akachongewa.

Ile ya krankishafti ina kazi nyingine mbali na kuvuta mkanda. Ndani yake mna pete ya mpira kati ya kitovu na ukingo wa chuma. Kila silinda inapowaka, krankishafti hujisokota kidogo kisha hujirudi, na ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja ni ndefu, kwa hivyo husokoteka zaidi. Ukingo ule, ukicheza juu ya mpira, humeza mtetemo huo. Ukiweka aluminiamu tupu, mtetemo hubaki ndani ya shafti, na kwenye kasi fulani hujilimbikiza hadi bolti za flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, zikalegea au shafti ikakatika. Dereva hasikii lolote mapema. Anaona injini imekuwa nyepesi, anafurahi. Kuna injini fupi za silinda nne zilizotoka kiwandani na puli isiyo na mpira. Hizo tunaweza kuzungumza.

Tena tusidanganyane kuhusu nguvu. Puli nyepesi haizalishi nguvu mpya. Hurahisisha injini kupanda mizunguko, basi. Aluminiamu ina takriban thuluthi moja ya uzito wa chuma, lakini gramu iliyo ukingoni ndiyo inayohesabika: ukiisogeza mara mbili mbali na kitovu, ugumu wa kuizungusha huwa mara nne. Anayetoboa mashimo karibu na kitovu anapamba tu.

Wapo pia wanaotaka puli ya krankishafti ipunguzwe kipenyo. Chukua mfano wa puli ya milimita 130 ikivuta altaneta yenye puli ya 65. Injini ikinguruma taratibu kwa mizunguko 750 kwa dakika, altaneta hupata 1,500. Punguza hadi 110, altaneta inabaki na kama 1,270. Ukiwa umekwama Mombasa Road usiku, taa zimewaka, betri ndiyo inayolipa. Pampu ya maji nayo huzungushwa na puli hiyohiyo, na kwenye 240Z feni imefungwa kwenye pampu ya maji, kwa hivyo maji na upepo vyote hupungua pamoja, katika jiji lililo juu kiasi kwamba maji yasiyofunikwa huchemka kabla ya kufika digrii 100!

Kwa mafundi wenzangu nina mawili. Mfereji wa mkanda wa V msiupime kwa kuutazama mkanda ukiwa umelala mezani. Hapo una digrii 40, lakini ukijikunja kwenye puli ubavu wake hutuna na pembe hupungua. Puli ndogo huhitaji kama 34, kubwa hufika 38. Mkanda hushika kwa mbavu. Ukigusa sakafu ya mfereji utateleza na kupiga kelele, na mteja atalaumu mkanda.

La pili ni mali ghafi. Mabaki ya pistoni na sufuria yaliyoyeyushwa hapa mtaani hutengeneza sufuria nzuri sana, nami napikia moja nyumbani. Lakini injini ikifika mizunguko 6,500, altaneta ya mfano wangu hufika 13,000, na hewa iliyojificha ndani ya kitu cha kusubu huwezi kuiona kwa macho. Nunueni nondo ya 6061-T6, aluminiamu iliyoimarishwa kiwandani, kisha mkague kama puli inayumba kwa saa ya kupimia, kile kifaa cha mshale, kabla puli haijatoka kwenye mashine.

Mwenye gari anayetaka kazi hii na aje na puli ya zamani pamoja na mkanda wake. Kama ile ya krankishafti mpira wake umepasuka, atafute mahali pa kuitilia mpira mpya, na alama za taiming (za kupangia wakati wa plagi kutoa cheche) zilizo ukingoni zikaguliwe upya, kwa maana mpira uliochoka huacha ukingo uhame na alama zikaanza kudanganya.

Fundi wa kukereza,
Kariobangi, Nairobi