Tapeti zinagonga? Pimeni presha ya oili kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye magari, na mafundi wenzangu pia. Tapeti za haidroli, yaani vipande vidogo vinavyojaa oili na kuondoa nafasi kati ya valvu na kamshafti (shafti inayozifungua), zinabadilishwa ovyo. Gari likiingia gereji linapiga tak-tak-tak juu ya injini, hukumu inatolewa hata tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, haijafunguliwa: "Bosi, tapeti zimekufa." Mteja ananunua seti nzima, na wiki mbili baadaye sauti imerudi.

Kwanza hakikisha kwamba injini yako inazo. Probox na IST za cc 1500 zenye injini ya 1NZ-FE hazina haidroli. Zina vikombe vya chuma kitupu, na nafasi ya valvu hurekebishwa kwa kuweka kikombe cha unene mwingine. Zenye haidroli ni kama 1TR-FE na 2TR-FE za Hiace, au 2ZR iliyomo kwenye Premio na Allion za cc 1800 za kuanzia 2007. Kila moja ina tapeti 16, zimekaa chini ya roka, vile vyuma vidogo vinavyosukuma valvu.

Ndani ya tapeti mna pistoni ndogo, springi na gololi. Oili ikishaingia, gololi inaziba tundu, oili inanaswa na tapeti inakuwa ngumu kama chuma. Pistoni ikilika, au uchafu ukikwama chini ya gololi, oili inavuja, tapeti inalegea na roka inaanza kugonga. Lakini sauti ni ileile kama oili haifiki huko juu, na hapo ndipo watu wanapopoteza fedha zao.

Oili ikipungua, pampu inavuta hewa. Ikizidi, krenkshafti (shafti kuu ya chini inayozungushwa na pistoni) inaichapa mpaka inatoa povu, na povu linaminyika, kwa hiyo hata tapeti mpya italegea. Kuweka 20W-50 kwenye injini iliyotengenezewa 5W-30 "ili iache kugonga" kunaongeza ubovu: oili nzito inachelewa kupanda asubuhi, wakati injini inaihitaji zaidi. Filta ya bei rahisi isiyozuia oili kurudi kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) nayo huleta kelele kila unapowasha. Kugonga kwa sekunde chache baada ya gari kulala si ugonjwa.

Fungua swichi ya presha ya oili, funga geji ya presha mahali pake, upime injini ikiwa ya moto, kisha linganisha na kitabu cha injini hiyo. Presha ikiwa chini, tafuta pampu, beringi au chujio la sampo lililoziba. Tapeti hazina kosa. Sikiliza pia vizuri: konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenkshafti) yenye beringi iliyolika hutoa sauti nzito inayozidi gari likibeba mzigo mlimani, na gasketi ya manifoldi ya ekzosi inayovuja hugonga injini ikiwa baridi, ikanyamaza chuma kikipata moto.

Presha ikiwa nzuri na kelele ikabaki, sasa fungua. Weka pistoni ya silinda namba moja juu kabisa, tia alama za rangi kwenye cheni inayozungusha kamshafti na gia zake, ifunge cheni kwa waya isidondoke, na ziba uwazi wake kwa kitambaa safi. Boliti za kamshafti zilegezwe kidogo kidogo kwa mpangilio wa kitabu. Ukimaliza kulegeza moja kwa mkupuo, shafti inapinda au inavunjika. Roka na tapeti zipange kwenye trei ya mayai kwa namba, kwa sababu kila roka inarudi mahali pake.

Jaribu kila tapeti kwa kidole. Iliyojaa oili haibonyei. Inayobonyea ioshe kwa mafuta ya taa, ijaze upya, uijaribu tena. Ikibonyea tena imekwisha. Gari likiwa limetembea sana, badilisha zote 16, maana kazi ya kufungua ni ileile. Kagua na nundu za kamshafti na magurudumu ya roka. Lililochimbika litaua tapeti mpya.

Hatua inayorukwa kila siku ni kujaza. Izamishe tapeti kwenye oili safi ya injini, sukuma gololi kwa waya mwembamba, kandamiza pistoni mara 5 au 6 mpaka mapovu yaishe. Toa waya, bonyeza: iwe ngumu. Baada ya kufunga, zungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili. Ikigoma, usilazimishe, rudi kwenye alama za cheni. Kwa injini za Volkswagen zenye tapeti za haidroli za umbo la kikombe, ukishafunga mpya subiri walau nusu saa kabla ya kuwasha. Tapeti iliyojaa kupita kiasi inashikilia valvu wazi, nayo inaweza kugongana na pistoni.

Tafadhali msimwage dizeli kwenye sampo na kuwasha injini "kuisafisha". Beringi zinabaki bila ulinzi, na matope yanayobanduka yanaziba chujio la sampo.

Oili ya kwanza baada ya kazi hii imwagwe kwenye kilomita 1,000. Mwambie fundi aikate filta mbele yako na kuikunjua karatasi yake. Ukiona vumbi la chuma linalong'aa, injini ifunguliwe kabla haijarudi barabarani.

Fundi wa injini,
Dar es Salaam